Mkono wa Shangazi na Jicho la Samaki

Shangazi yangu hajanisamehe. Siku ya harusi ya binti yake, hapa Kasongo, mkoani Maniema, mashariki ya Kongo, alisimama mlangoni mwa sebule ameegemea mwimo, na mkono wake wa kushoto ukawa karibu na lenzi yangu kuliko kitu kingine chochote chumbani. Foto ilipotoka, nyumba nzima ilikuwa imeingia: bibi harusi juu ya mkeka, wanawake wamebanana ukuta hadi ukuta, watoto wamening'inia dirishani, sinia za wali, dari, hata taa ya sola na waya wake. Na pembeni, toka chini hadi juu, mkono wa shangazi umepinda kama upinde wa mwindaji. Aliitazama muda mrefu. "Mtoto wa kaka yangu," akasema, "mimi nilikuja harusini mtu, wewe umenirudisha nyumbani pirogi."

Alikuwa na haki, mkono ule ulikuwa mtumbwi mzima. Lakini chumba kile kilikuwa hatua nne kwa tano, kina wanawake zaidi ya thelathini, na mimi nimesukumwa kwenye kona hadi mgongo ukagusa kabati la vyombo. Kwa lenzi ya kawaida ningepata nyuso tatu na bega la mtu. Wapiga foto wenzangu hapa mjini hulimaliza jambo hili kwa kuwatoa watu nje na kuwapanga chini ya mwembe, warefu nyuma, wafupi mbele, wote wamekaza shingo. Hiyo ni foto nzuri, na huning'inizwa ukutani. Ila si harusi. Harusi ya kwetu ni ule msongamano wenyewe: magoti yanayogusana, jasho, udi, mtoto anayepitishwa juu ya vichwa vya watu mpaka amfikie mama yake. Kitu cha namna hiyo hakipigwi kutoka mbali. Nilitafuta kwa miaka chombo cha kukipiga nikiwa ndani yake.

Chombo nilichokipata ni lenzi ya Korea, Samyang ya milimita 8, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009. Utaikuta pia ikiitwa Rokinon, Bower au Walimex, maana ni lenzi moja iliyovishwa majina mengi. Yangu ilikuwa imekwisha kutumika. Nililipa dola 120, ambazo ni pesa nyingi kwa mtu wa Maniema na pesa kidogo kwa lenzi. Ilitoka Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikavuka Tanganyika hadi Kalemie, halafu ikaja kwa pikipiki, siku baada ya siku, mpaka Kabambare na mwisho Kasongo, imefungwa ndani ya soksi mbili. Njia hiyo si ngeni. Ujiji, ziwa, Kabambare, Kasongo, Nyangwe: ndimo walimopita watu wa pwani katika karne ya 19, wakileta vitambaa, ushanga na baruti, wakirudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo. Kiswahili ninachoandika hapa kilifika kwa njia hiyo hiyo, pamoja na mchele.

Lenzi ya namna hii huitwa jicho la samaki. Wengi wakisikia jina hilo hudhani ni utani, kwa vile kioo cha mbele kimevimba kama jicho la sangala aliyekaa juani. Utani haupo. Mwaka 1906 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alitaka kujua samaki anaionaje dunia ya juu akiwa ndani ya maji, akatengeneza kamera iliyojazwa maji: bamba la picha chini, tundu dogo juu. Mwanga ukiingia majini hupinda. Kwa hiyo mbingu yote, toka upeo huu hadi upeo ule, hubanwa ndani ya duara moja juu ya kichwa cha samaki, duara lenye pembe ya digrii 97 hivi. Samaki aliye mita moja chini anaiona nchi nzima kupitia dirisha la mviringo lenye upana wa mita mbili na robo. Nje ya dirisha hilo, uso wa maji ukitazamwa kutoka chini ni kioo tu, kinamrudishia matope ya kwao.

Wagenya, wavuvi wa mto Lualaba, hawakumhitaji Wood. Mvuvi mmoja mzee aliyenivusha aliniambia kwamba mtu anayesimama wima ukingoni ameshaonekana kabla yeye hajaona kitu. Anayetaka samaki na ainame, au akae. Ndilo dirisha hilo hilo, limeelezwa kutoka upande wa mwenye njaa. (Lualaba wakati wa mvua ni rangi ya chai ya maziwa, na nadhani samaki wetu huona kidogo kuliko yule wa Wood.)

Baadaye Robin Hill wa Cambridge alitengeneza lenzi ya vioo iliyoweza kuchukua mbingu yote kwa foto moja, alitaka mawingu. Hiyo ilikuwa katika miaka ya 1920. Kwa muda mrefu jicho la samaki likabaki kuwa chombo cha watu wa hali ya hewa na wa misitu, ambao hulilaza chini ya miti likitazama juu ili wapime mwanga unaopenya majani. Nikon walipouza la milimita 8 la kufungwa kwenye kamera ya kawaida, mwaka 1962, kisigino chake kiliingia ndani kiasi kwamba kioo cha kamera kilibidi kiinuliwe na kibaki juu. Mpiga picha akawa haoni anachopiga. Zikaja baadaye za Urusi na Belarusi, nzito kama mawe ya kusagia, halafu za Korea, na sasa za China, ambazo bei yake inazidi kushuka. Karibu zote za bei ya chini zina sifa moja: hazina mota wala akili. Zinangoja mkono.

Nasema hivyo kwa kusifu. Jioni nilipoifunga mara ya kwanza kwenye kamera yangu, Canon ya zamani ya mkono wa pili, kamera iliandika 00 mahali pa tundu la mwanga. Kwake hakuna lenzi, kuna shimo. Foto zote nilizopiga tangu siku hiyo, kompyuta ikizifungua, haziandiki lenzi wala tundu. Nikalazimika kununua daftari la shule la mistari, na sasa naandika mwenyewe: harusi, f/5.6, sentimita 40, taa ya sola. Nimejifunza mwanga kutokana na daftari lile kuliko kutokana na kitu kingine chochote. Jua la Kasongo saa saba mchana, kwa ISO 200, ni f/8 na sehemu ya 800 ya sekunde. Chini ya miembe ni sehemu ya 100. Ndani ya nyumba za udongo, mlango ukiwa wazi, usijisumbue kukisia: funga macho kidogo, fumbua, kisha fungua tundu lote.

Mkono wa kushoto una pete mbili. Ya tundu hulia tik-tik toka 3.5 hadi 22, na mtu akiizoea huihesabu gizani kama tasbihi. Ya fokasi huzunguka taratibu, na hapa ndipo lenzi hii inapompa maskini zawadi. Kwa milimita 8, ukifunga tundu hadi f/8 na kuweka fokasi kwenye sentimita 40, kila kitu kuanzia sentimita 20 hivi mpaka mwezini kitaonekana wazi. Hakuna kutafuta fokasi. Unaiweka asubuhi, jioni bado ipo. Kamera za kisasa zina mota inayokwenda mbele na nyuma ikitafuta uso wa mtu, na inapoupata, mtu amekwisha kubadilika. Mimi nabonyeza tu.

Lakini ili upate hizo sentimita 40, ni lazima ujue ziko wapi, na lenzi ya bei ya chini husema uongo kuhusu hilo. Uongo wa yangu niliujua Kabambare.

Nilikuwa nimekwenda kwenye matanga, mvua ikanyesha siku nne, pikipiki zikakataa barabara. Foto zangu za mbali zilikuwa na ukungu, na nilishamlaumu aliyeniuzia, na vumbi, na soksi. Usiku wa tatu mvua ikakatika kwa muda, nyota zikatoka. Niliweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua tundu lote, nikapiga nyota moja, nikasogeza pete kiasi cha unene wa ukucha, nikapiga tena, hivyo hivyo, nikikuza kila foto kwenye skrini. Alama ya mbali kabisa, ile nane iliyolala, haikuwa mbali kabisa hata kidogo. Mbali halisi palikuwa nyuma yake, kwenye chuma kisichoandikwa kitu. Binti wa mama mwenye nyumba alinipa rangi yake ya kucha, nyekundu. Nikatia nukta kwenye mbali halisi. Asubuhi, kwa kamba niliyoipima kwa rula ya mtoto wa shule, nikatia nukta ya pili kwenye sentimita 40 halisi. Nukta hizo ziko mpaka leo. Lenzi ya fundi wa Ujerumani isingenipa kazi hiyo, wala nisingeijua kama ninavyoijua hii.

Kabambare inafaa kwa mambo ya namna hiyo. David Livingstone, ambaye aliliandika jina la mji huo Bambarre, alikwama hapo kwa miezi mwaka 1870, vidonda vya miguu vimemzuia kusimama. Karatasi ilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, na wino ulipomwishia akatumia wino wa mmea wa nchi. Barua aliyoiandika hapo tarehe 5 Februari 1871 ilififia hata ikawa haisomeki, mpaka watafiti walipoipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, na ile isiyoonekana kwa jicho ikiwamo. Waliitoa mwaka 2010. Kamera zao zilikuwa na thamani ya mtaa mzima wa Kabambare, nami nazivulia kofia. Livingstone mwenyewe simvulii upesi hivyo. Alikula na kusafiri kwa msaada wa wafanyabiashara wa watumwa wale wale aliowashitaki kwa maandishi. Ila mtu aliyekwama Kabambare, anayeunga kazi yake kwa alichonacho mkononi, huyo namwelewa kabisa.

Sasa mistari. Kila mtu anayeshika jicho la samaki kwa mara ya kwanza hufurahia kupindisha: anapindisha nyumba, anapindisha kanisa, anapindisha rafiki yake. Baada ya wiki mbili anachoka na kuliuza, ndiyo maana langu lilipatikana kwa dola 120. Video za muziki wa rap za Marekani za miaka ya 1990 zilililisha jicho hili mpaka likavimbiwa. Mwongozaji Hype Williams alilitumia kwa akili, waliomwiga wakalitumia kwa mazoea. Kazi haianzi mpaka ujue kisichopinda.

Mstari unaopita katikati ya foto haupindi. Hilo nililijua nikiwa ndani ya pirogi, katikati ya Lualaba. Shika kamera sawasawa, upeo wa maji ukipita katikati, na mto utalala bapa kama mkeka. Inua kamera kidole kimoja tu: upeo unashuka chini ya katikati na kupinda kama pirogi, ncha mbili juu. Iinamishe: upeo unapanda na kuvimba, Lualaba inakuwa kisogo cha mtu. Na pirogi haitulii. Kila mpiga kasia anapovuta, dunia inageuka toka mkeka kuwa kisogo, kuwa pirogi, kuwa mkeka. Nilianza kupumua na kasia. Nilibonyeza pale kasia linapotoka majini, kabla halijarudi, maana ndipo chombo kinapotulia kitambo kidogo. Hii si sanaa ya jicho hata kidogo. Ni ya kiuno na ya pumzi.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayofanya barabara ya miembe iwe kitu cha ajabu. Barabara yenyewe, ikienda mbele yako kupitia katikati, inabaki nyoofu kama fimbo. Miti ya pande zote mbili inapinda kuelekea ndani, vichwa vikikutana juu, kama wazee wawili wanaosikiliza neno moja. Miembe yetu, wazee husema, ilipandwa zamani za waungwana, wale watu wa pwani. Kwa lenzi ya kawaida ni miti. Kwa hii, ni nyumba, na anayepita chini yake na baiskeli iliyojaa bidoni za mawese yumo nyumbani. Baiskeli nazipiga kutoka chini, kamera ikiwa karibu na gurudumu kiasi cha kuchafuka. Anayesukuma mzigo toka Kabambare hapandi baiskeli. Anaishikilia kwa kijiti kilichofungwa kwenye usukani, na mwili wake wote unaegemea. Ukiwa mbali huoni kuegemea huko. Ukiwa shubiri moja na nusu kutoka gurudumuni, mzigo unakuwa mlima na mtu anakuwa mtu aliye nyuma ya mlima.

Hapo ndipo lugha yetu inapofaa kusikilizwa. Karibu ni umbali mdogo, na karibu ni ruhusa ya kuingia. Ni neno moja. Lenzi ndefu haihitaji la pili. Mtu anaweza kukaa ng'ambo ya barabara akamchukua mama anayetwanga mpunga, na yule mama asijue. Kwa jicho la samaki, kutoka ng'ambo ya barabara, mama huyo ni punje. Ili awe mtu ni lazima nifike mwisho wa mchi wake, na hakuna afikaye hapo bila kusalimu, bila kuulizwa mtoto wa nani, bila kukalishwa, mara nyingi bila kulishwa sombe, majani ya muhogo. Nimekosa foto nyingi kwa sababu ya sombe. Nyingine nilizipata wakati wa kula, kwa kuwa kamera ilishalala chini kando ya sahani, fokasi imewekwa tangu asubuhi.

Na lenzi haichagui. Inaona karibu digrii 180 toka kona hadi kona, yaani karibu kila kilicho mbele ya pua yangu. Vidole vyangu vya miguu vimo katika foto nyingi sana. Kivuli changu kimo asubuhi zote na jioni zote. Jua lenyewe limo, likiacha vidoa vya kijani kama dawa ya kuku. Upande wa Kabambare, kunakochimbwa dhahabu, kuna vitu ambavyo havipigwi, na watu wenye bunduki ambao hawapigwi. Mwenye lenzi ya kawaida anageuza uso, basi. Mimi sina pa kugeuzia. Siku moja kwenye bariere nilipiga foto ya mtoto anayeuza karanga. Pembeni, mdogo kama sisimizi, alikuwamo mtu ambaye hakupenda kuwamo. Tuliifuta pamoja, na nyingine kumi zilizoifuata. Tangu hapo, kabla sijainua kamera huzunguka mwili mzima, polepole, kama mtu anayetafuta kibla.

Tongoni nilikwenda kwa kusudi. Pale, nje ya mji wa leo, ndipo ilipokuwa Kasongo ya zamani, mji wa mfanyabiashara Tippu Tip na wa mwanawe Sefu, ambao majeshi ya Mbelgiji Dhanis yaliuteka Aprili 1893. Jina lenyewe linasema kila kitu: tongo ni mahali palipohamwa, na pwani karibu na Tanga kuna Tongoni nyingine yenye magofu yake. Wanaakiolojia wamepachimba hapa pia miaka ya karibuni. Nilichotaka kupiga ni ukubwa wa mji ule, na ukubwa hauonekani, kwa sababu hakuna ukuta wa kuukadiria. Nilizunguka saa nzima. Mwisho nililala chali chini ya mwembe, nikaweka kamera kifuani, nikaiacha itazame juu kama za wale wa misitu. Foto hiyo ina matawi pande zote, yakianzia ukingoni na kukimbilia katikati, na katikati kuna tundu la mbingu lenye wingu moja. Magofu hayamo. Nyasi hazimo. Miti pekee ndiyo iliyobaki mahali pake toka siku zile, au mama zake miti hiyo, nami niko chini yake bila kuonekana. Ndiyo foto yangu pekee ya jicho la samaki ambayo mimi simo.

Programu za kompyuta zinaweza kunyoosha foto hizi. Unabonyeza, mistari inarudi, kona zinavutika na kukatwa, na unabaki na foto pana ya kawaida, mbaya kidogo. Wengi husema ndiyo njia ya kupata lenzi mbili kwa bei ya moja. Kwangu ni kumnunua samaki kisha kumbanika kwa matumaini ya kuku.

Hasa kwa sababu lenzi hii tayari ina unyoofu wake. Kubana nusu ya dunia kwenye karatasi bapa kuna njia nyingi za kihesabu, na kila njia ina inachokiharibu. Nyingi za majicho ya samaki hubana ukingoni, mtu wa pembeni akawa mwembamba kama aliyelala njaa. Lenzi pana za kawaida, zile zinazolazimisha kila mstari uwe mnyoofu, hufanya kinyume: kichwa kilichoko kwenye kona huvutika kuwa yai. Samyang inafuata, kwa karibu sana, njia iitwayo stereografia, na sifa ya njia hiyo ni kwamba mviringo hubaki mviringo. Chungwa katikati ni chungwa. Pembeni bado ni chungwa, ila limekua. Ni hesabu ya kale. Ptolemy wa Aleksandria aliiandikia kitabu ambacho Kigiriki chake kilipotea, kikaokolewa na tafsiri ya Kiarabu, na mafundi wa Kiislamu wakaichora juu ya shaba katika usturlabi, chombo cha kusomea nyota na kujua saa za sala. Nilimweleza hayo imamu mmoja wa hapa, akaigeuza lenzi mkononi, akajiona ndani ya kioo na msikiti wote nyuma yake. "Kumbe hiki ni cha kwetu," akasema, akanirudishia taratibu, kidole gumba chake kimebaki kwenye kioo.

Vidole ndivyo adui. Kioo kilichovimba hakipokei kichujio wala kinga yoyote ya kuskurubu, na watoto wa Kasongo wamegundua kwamba ukisogeza pua unajiona mzima, na rafiki zako, na mbuzi. Naacha waone. Nafuta kwa kipande cha kitenge kilichofuliwa mpaka kimekuwa laini kama ulimi, kwa kuzungusha toka katikati kwenda nje, baada ya kupuliza vumbi kwanza.

Shangazi hakuridhika na Ptolemy. Nilimwonyesha kwamba kichwa chake, pale ukingoni, kilikuwa kichwa kamili, kizuri, na kilemba hakikupinda. Akasema kichwa anakijua, anauliza mkono. Basi kwenye harusi zilizofuata nilijifunza kupanga kwa umbali, si kwa urefu: niliye karibu naye awe katikati, na wa pembeni wote wawe mbali, wakiegemea ukuta. Hilo unalipata kwa kusogea wewe. Hatua nusu mbele na chumba kinapumua. Hatua nusu nyuma na mtu mmoja anageuka pirogi.

Kuna mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa mwalimu, ambaye barza yake haikauki watu tangu alasiri mpaka isha. Alinionyesha foto yake ya ujana, ya studio, amesimama peke yake mbele ya pazia lenye bustani ya kuchora. Foto safi. Akasema haimpendezi, maana imemchukua kama mtu asiye na ndugu. Akataka nimpige na barza yake yote, na bao, na birika, na aliyelala. Nilikaa chini katikati yao, nikapiga moja. Alipoitazama kwenye skrini alihesabu watu kwa kidole, kumi na moja, kisha akafika ukingo wa chini. "Na hivi ni vidole vya nani?"

"Vyangu, Mzee."

"Kumi na mbili basi." Halafu akaichukua kamera. Hakuna aliyemwelekeza. Alinijia usoni moja kwa moja, kama anavyomjia kila mtu anayetaka kumwambia neno, mpaka nikasikia harufu ya tangawizi, akabonyeza. Hiyo ninayo. Pua yangu imejaa foto kama ndizi ya kupika, macho mawili madogo yamekimbilia nyuma, na miembe yote ya mtaa wetu imeinama kunitazama. Nimeipeleka kwa shangazi, kwenye fremu. Ameitundika jikoni.